Kwa nini damu ya matende ichukuliwe usiku?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta, kijiji chetu kipo mkoa wa Lindi, si mbali na pwani. Wiki mbili zilizopita mtendaji aliitisha mkutano akatutambulisha kwa watu wa utafiti wa matende. Wakasema watapita vitongojini kuanzia saa nne usiku kuchukua damu. Wazee waliguna. Kwa nini usiku, wakati hospitali damu inachukuliwa asubuhi? Watu wameshaanza kusema hao ni mumiani, damu inauzwa. Pili, mama yangu ana miaka 58, mguu wake wa kushoto umevimba tangu mimi mdogo. Walimpima kwa kile kipimo cha haraka wakamwambia hana minyoo. Mtu ana matende, inakuwaje asiwe na ugonjwa wa matende? Halafu haohao wanataka aingie kwenye utafiti wa dawa inayoitwa doksisaiklini, na wanasema wengine watapewa kidonge kisicho na dawa, na hakuna atakayejua kapewa kipi. Naona kama mama anafanyiwa majaribio. Karatasi ya kusaini ina kurasa sita. Tatu, mwanangu yupo darasa la kwanza, na shuleni nako wanataka kumtoboa kidole wakati hana ugonjwa wowote. Kila mwaka tunameza dawa, sasa damu ya nini tena? Naomba unijibu kwa ukweli ili niwaambie na wenzangu."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, ila naona hofu moja imeyabeba yote: kuna watu wanachukua kitu kutoka kwenu na hamjaambiwa kinakwenda wapi. Hofu hiyo siidharau. Nimefanya kazi ya maabara na utafiti wa magonjwa ya minyoo kwa miaka mingi, na kuna kijiji kimoja tulipigiwa filimbi na kufukuzwa usiku. Wanakijiji hawakukosea. Timu yetu ilizungumza na ofisi ya kata tu, tukadhani habari zitashuka zenyewe hadi vitongojini, kisha tukatokea saa tano usiku na gari, taa na sindano kwa watu ambao hawajaambiwa lolote. Mwenye watoto ndani ya nyumba lazima apige filimbi. Kwenu mkutano umefanyika mchana, mtendaji akiwepo, na umepata nafasi ya kwenda kufikiri. Huo ni mwanzo mzuri, lakini ni mwanzo tu.

Nianze na usiku, maana hapo ndipo wengi wanapokwama, na sababu yake ni ya mnyoo wala si ya daktari.

Mnyoo unaoleta matende na mabusha huku kwetu unaitwa Wuchereria bancrofti. Mnyoo jike aliyekomaa ana urefu wa sentimita 8 hadi 10, mwembamba kama uzi wa kushonea. Hakai tumboni kama minyoo mingine mnayoijua, wala hakai kwenye damu. Anakaa kwenye mirija ya limfu, ile mirija myembamba inayokusanya maji kutoka miguuni, mikononi na kwenye korodani na kuyarudisha kwenye mzunguko wa damu. Humo anaishi miaka mitano, sita, wakati mwingine zaidi, na muda wote huo anazaa. Watoto wake ndio wanaoingia kwenye damu. Ni wadogo mno, kama robo ya milimita, huwaoni bila hadubini.

Watoto hao wana saa yao. Mchana wanajikusanya kwenye mishipa midogo ya mapafu. Giza likiingia wanaanza kutoka, na kati ya saa nne na saa nane usiku wanakuwa wengi kwenye damu inayopita karibu na ngozi. Ukimtoa damu mtu huyohuyo saa nne asubuhi, mpimaji anaweza kukodoa macho kwenye hadubini hadi yamuume asione hata mmoja, akaandika "hana". Mgonjwa anarudi nyumbani amefurahi, na mbu wa usiku ule wanaendelea kuchukua minyoo kutoka kwake na kuipeleka kwa jirani.

Kwa nini minyoo ifuate saa? Kwa sababu ya mbu. Mtoto wa mnyoo hawezi kukua ndani ya mtu hadi kwanza anyonywe na mbu, akae ndani ya mbu siku 10 hadi 14 akibadilika umbo, ndipo arudishwe kwa binadamu mbu anapouma tena. Mbu wanaoubeba ugonjwa huu kwetu, yaani Anofelesi yuleyule wa malaria na Kuleksi wa mashimo ya vyoo na maji machafu, huuma usiku. Kwa hiyo mnyoo husogea kwenye ngozi saa ambayo gari lake linapita. Na kuna ushahidi mzuri wa jambo hili kutoka mbali: kwenye baadhi ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki mnyoo huohuo hubebwa na mbu anayeuma mchana, na huko watoto wa mnyoo huongezeka kwenye damu mchana. Daktari wa huko angekuja kijijini saa tisa alasiri, na wala hakuna mtu angeguna.

Haya yalijulikana zamani. Mwaka 1877, daktari wa Kiskoti aitwaye Patrick Manson alikuwa akifanya kazi Amoy, mji wa bandari nchini China. Alikuwa na mfanyakazi, Hin Lo, mwenye minyoo hiyo kwenye damu. Akamlaza ndani ya kibanda, akaachia mbu wamwume, kisha akawapasua mbu mmoja mmoja na kuona minyoo inakua ndani yao. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuonyesha kwamba mdudu anaweza kulea ugonjwa wa binadamu. Miaka michache baadaye, mwaka 1881, daktari mwingine, Stephen Mackenzie wa London, alimfanya mgonjwa wake alale mchana na kukesha usiku. Minyoo nayo ikageuza ratiba, ikaanza kutoka mchana.

Habari hiyo ya Mackenzie ina faida kwenu huko pwani. Kama kuna wenzako wanaoingia baharini na taa za dagaa usiku kucha na kulala mchana, mwezi baada ya mwezi, au walinzi wa maghala ya korosho, waeleze timu ratiba yao ya usingizi. Saa ya minyoo hufuata usingizi wa mwenye mwili. Mtafiti makini atashukuru kuambiwa hilo.

Sasa kuhusu kuuzwa. Neno mumiani ni kongwe kwenye pwani yetu, bibi zetu walitulaza nalo mapema. Sitakuambia "hayo ni imani potofu" nikaishia hapo, maana ukimwambia mtu hivyo hujamjibu. Hebu tupime damu yenyewe. Damu ya usiku inayotandazwa kwenye kioo ni mikrolita 60, tone moja na kidogo. Ya kipimo cha haraka ni mikrolita 75. Wakichukua kwenye mshipa, mara nyingi ni mililita 5, kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na anayejitolea damu benki ya damu hutoa kama mililita 450 kwa mkupuo, akanywa soda akaenda zake. Damu ya kumwongezea mgonjwa huhifadhiwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande, hupimwa kundi, hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, na hukaa kwenye jokofu maalumu. Tone lililokaushwa kwenye kioo, likaoshwa wekundu wake kwa maji na kutiwa rangi ya Gimsa, haliwezi kuingia kwa mtu yeyote tena. Limekuwa picha ya kutazamwa. Anayetaka kuuza damu hatakesha vitongojini akikusanya matone.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu kuna swali la haki kabisa ndani ya hofu hiyo: damu yetu inakwenda wapi, inakaa muda gani, na nani ataigusa baadaye? Watu wa kusini mna historia katika jambo hili. Mwaka 1952 na 1953 kulizuka homa kali kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Watu walipinda kwa maumivu ya viungo. Damu ilichukuliwa kwa wagonjwa, ikapelekwa hadi maabara ya Entebbe, Uganda, na humo kikapatikana kirusi kipya. Jina lake likatokana na Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja: chikungunya. Leo neno hilo limo katika vitabu vya udaktari vya dunia nzima. Ila enzi zile hakukuwa na kanuni iliyomlazimu mtafiti kurudi kwa mtu aliyetoa damu na kumweleza imeonyesha nini. Azimio la Helsinki, ambalo ndilo msingi wa maadili ya utafiti wa tiba hadi sasa, lilipitishwa mwaka 1964. Na Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume Weusi karibu 400 wenye kaswende huko Tuskegee waliachwa bila tiba ili ugonjwa utazamwe tu, hata baada ya penisilini kuwapo. Kwa hiyo mzee anayeguna mkutanini anakumbuka jambo la kweli, hata kama hajui tarehe zake.

Sheria na taratibu za sasa zimezaliwa na makosa hayo. Hapa Tanzania utafiti wa afya unaohusu watu unatakiwa uwe na kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukihusisha majaribio ya dawa, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nayo lazima iidhinishe. Sampuli zikitaka kutoka nje ya nchi, kunahitajika mkataba maalumu wa kuzisafirisha. Hizo kurasa sita unazozilalamikia ndimo mambo haya yanapotakiwa kuandikwa, kwa Kiswahili, pamoja na namba ya kibali na simu ya mtu wa kamati ambaye si mtafiti. Zisomwe zote kwa sauti, mama akiwepo. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu, na akikubali huweka dole gumba. Mkiona sehemu inayosema damu itahifadhiwa kwa tafiti za baadaye, hiyo ina jibu lake peke yake: mama anaweza kukubali utafiti huu na kukataa damu yake kuwekwa akiba.

Kuna jambo moja zaidi ningependa mwiombe timu. Usiku huohuo walete hadubini na betri. Tone la damu mbichi la mtu mwenye minyoo mingi, likiwekwa chini ya kioo, linaonyesha minyoo inachezacheza na kuzisukuma chembe za damu huku na huko. Yule aliyetoa damu akikubali, watu waangalie kwa zamu. Nimeona mzee aliyekuja kutupinga akiinua uso kutoka kwenye hadubini, akanyamaza, kisha akaenda kuwaita wanawe wote wanne.

Tuje kwa mama. Umeuliza swali ambalo hata wahudumu wengine hulijibu vibaya: mtu ana matende, kipimo kinasema hana minyoo. Vyote viwili ni kweli. Kile kipimo cha haraka hakitafuti watoto wa mnyoo, kinatafuta antijeni, yaani chembe zinazotolewa na mnyoo mkubwa aliye hai. Ndiyo maana kinafanya kazi mchana na usiku, ila kina masharti: kisomwe dakika ya 10 kamili, kikiachwa sana mstari unaweza kujitokeza wenyewe na kumdanganya msomaji. Kwa mama, minyoo iliyompata ujanani huenda ilishakufa miaka mingi iliyopita. Iliyobaki ni mirija iliyoharibika. Ni kama mfereji wa shamba uliobomolewa na kiboko: kiboko ameshaondoka, lakini maji bado yanatuama. Basi hakuna aliyemdanganya mama. Walitakiwa tu wamalizie sentensi, wamwambie kwamba kutokuwa na minyoo hakumaanishi mguu hauna ugonjwa.

Na hapa nataka nisahihishe jambo linaloumiza familia nyingi. Matende hayatokani na kurogwa, wala kukanyaga mtego, wala hayarithiwi, na mama hakuwaambukiza ninyi kwa kulala nyumba moja au kula sahani moja. Ili mtu apate ugonjwa huu lazima aumwe na mbu wenye minyoo mara nyingi sana, kwa miezi au miaka.

Kinachoutesa mguu wake sasa, zile homa za ghafla ambapo mguu unawaka, mtoki unauma kinenani na anatetemeka kwa baridi, kwa kawaida si minyoo. Ni bakteria wanaoingia kupitia nyufa ndogo za ngozi, hasa katikati ya vidole vya miguu kwenye fangasi. Mguu wenye maji yaliyotuama hauna ulinzi mzuri, bakteria wachache wanatosha. Kila homa ikipita, mguu unabaki mnene kuliko jana. Hivyo mlango wa kufunga ni ngozi. Kila siku, jioni akitoka shamba, aoshe mguu kwa sabuni ya kawaida na maji safi yasiyo ya moto, taratibu bila brashi, apite kila mkunjo na katikati ya kila kidole. Akaushe kwa kitambaa laini kwa kubonyeza. Penye fangasi apake dawa ya fangasi. Akikaa au akilala mguu uwe juu ya mto au mkeka uliokunjwa, na akunje na kukunjua kifundo cha mguu mara kwa mara. Avae viatu visivyombana, hasa msimu wa kuokota korosho, maana kijiti kimoja chini ya mkorosho kinatosha kumlaza wiki nzima. Wala msimchanje. Nimepokea miguu iliyochanjwa ili "maji yatoke", na yaliyoingia yalikuwa mabaya kuliko yaliyotoka.

Nimelieleza hili kabla ya utafiti wa dawa kwa makusudi, utaona sababu.

Kidonge kisicho na dawa kinaitwa plasebo. Umesikia kana kwamba ni kumchezea mgonjwa, na ningekuwa mtoto wa mama huyo ningesikia vivyo hivyo. Sababu yake ni hii. Doksisaiklini ni dawa ya bakteria, ya siku nyingi na ya bei nafuu. Ilianza kutumika kwa matende kwa sababu ndani ya mnyoo mwenyewe mnaishi bakteria aitwaye Wolbachia, na mnyoo hawezi kuishi vizuri wala kuzaa bila huyo. Ukimuua bakteria, mnyoo hudhoofika na kufa polepole. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ghana, na wagonjwa waliomeza dawa hiyo kwa wiki sita walionekana kupata nafuu ya uvimbe, hata wasiokuwa na minyoo hai. Watu tulifurahi sana. Kisha yakafanyika majaribio mengine nchini India na Mali, yakiwa na plasebo pia, na wagonjwa wote wa makundi yote wakafundishwa kuosha na kutunza mguu. Waliomeza dawa walipata nafuu. Waliomeza plasebo nao walipata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Sabuni na maji ndivyo vilivyofanya kazi.

Sasa fikiria kama kusingekuwa na kundi la plasebo. Tungesema dawa imewaponya, tungewapa maelfu ya watu vidonge vya wiki sita visivyowasaidia, vyenye madhara yake, na sabuni tungeisahau. Ndiyo maana makundi hupangwa kwa kura, kama mnavyochanganya vikaratasi kwenye kofia, ili daktari asiwapendelee aliowaonea huruma. Na ndiyo maana hakuna anayejua nani kapewa nini: mgonjwa akijua amepewa dawa huuona mguu umepungua, na mpimaji akijua huuvuta utepe kidogo. Simaanishi wanadanganya. Ni moyo wa binadamu unavyopenda habari njema. Orodha ya siri ipo, hukaa kwa mtu asiyewaona wagonjwa, na mama akipatwa na dharura inafunguliwa mara moja.

Je, akubali? Nitakupa maoni yangu wazi. Kwa matokeo hayo ya India na Mali, timu hii ina deni la maelezo. Waulizeni: ninyi mnatafuta nini ambacho wale hawakukipata? Wanaweza kuwa na jibu zuri, kwa mfano wanawalenga wagonjwa wa hatua tofauti, au wanatazama wingi wa zile homa badala ya unene wa mguu, au wanafuatilia kwa muda mrefu zaidi. Wakilijibu swali hilo kwa maneno unayoyaelewa, ni dalili njema. Wakikwambia "ni mambo ya kitaalamu", mama abaki nyumbani na sabuni yake. Sharti la pili halina mjadala kwangu: makundi yote mawili yafundishwe kutunza mguu na yatibiwe homa zikija. Utafiti unaomnyima mtu kitu kinachojulikana kusaidia ili kuona atakuwaje, huo akatae na mtoe taarifa kwa kamati kwa namba iliyo kwenye fomu.

Masharti hayo yakitimia, sioni hatari kubwa ya kumzuia, na kuna faida ya kutazamwa na madaktari kwa muda mrefu. Lakini gharama ipo na ni yake: safari za kwenda kituoni, kutolewa damu mara kadhaa, vidonge kila siku. Doksisaiklini inaweza kuchafua tumbo, na kidonge kikikwama kooni huunguza, kwa hiyo anywe maji ya kutosha na asilale papo hapo. Ngozi huungua na jua kwa urahisi, jambo gumu kwa anayelima. Asimeze pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu au dawa za kiungulia, dawa haitaingia mwilini vizuri. Kama anatumia dawa za presha au nyingine yoyote, wajue kabla ya siku ya kwanza. Awe na hakika nani atalipia matibabu akidhurika, na kwamba akitaka kujitoa katikati anaweza, bila kutoa sababu na bila kunyimwa huduma zahanati. Na uamuzi ni wake. Nasema hivi kwa upole, mwanangu, kwa sababu umeandika "niwaambie na wenzangu" na "mama anafanyiwa majaribio", lakini sijaona mahali ulipoandika mama mwenyewe anasemaje.

Kuna hali ambazo hazisubiri utafiti wala mkutano. Homa ya mguu ikimshika, apumzike, ainue mguu, aweke kitambaa cha maji baridi, anywe maji mengi na aende zahanati siku hiyohiyo apate dawa za bakteria na za maumivu. Akianza kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, malengelenge yakitokea au wekundu ukipanda haraka kwenda pajani, asilale zahanati, apelekwe hospitali: Sokoine au Nyangao kwa upande wenu, Ligula au Ndanda kwa wa Mtwara na Masasi. Mguu ukivimba ghafla kwa siku moja au mbili na kuuma kwenye misuli ya nyuma, hasa baada ya kulala kitandani muda mrefu, inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na hiyo ni dharura. Na wanaume wenye mabusha, kwa kuwa najua mnao na hawasemi, waende waonwe. Busha hutibiwa kwa upasuaji, na mtu anarudi kwenye maisha yake.

Umebakiza dawa za kila mwaka na mtoto wa darasa la kwanza, na hivyo viwili vina jibu moja. Kingatiba mnayomeza, ivamektini na albendazoli, inafagia watoto wa minyoo kwenye damu lakini haiui vizuri mnyoo mkubwa. Yeye anaendelea kuishi miaka yake, hivyo inabidi mfagie kila mwaka hadi azeeke na kufa bila kumpa mbu kitu. Kizunguzungu na homa wanavyopata wengine siku ile mara nyingi ni minyoo inayokufa, na dawa hizo hazimalizi nguvu za kiume kama wanavyosema vijiweni. Nchi yetu ilianza kazi hii mwaka 2000 kisiwani Mafia. Togo, iliyoanza mwaka huohuo, ilitangazwa mwaka 2017 kuwa imeushinda ugonjwa huu, na Malawi, majirani zetu, mwaka 2020. Lakini huwezi kuacha kumeza kwa kukisia. Baada ya angalau miaka mitano ya kumeza vizuri, ambapo kila mwaka walau watu 65 katika kila 100 wamemeza, wanapimwa watoto wa miaka 6 na 7.

Kwa nini wao? Kwa sababu wamezaliwa wakati sisi tayari tunameza. Mtu mzima akikutwa na antijeni, huenda ni mnyoo wa zamani. Mtoto wa darasa la kwanza akikutwa nayo, mbu alimpa juzijuzi, maana yake ugonjwa bado unatembea kijijini. Wakikutwa wachache sana, chini ya 2 katika kila 100, umezeshaji unaweza kusimamishwa. Hawampimi mwanao kwa kuwa wanamdhania mgonjwa. Wanamuuliza yeye habari za kijiji kizima, kwa sababu ndiye pekee asiye na historia ya zamani ya kuchanganya majibu.

Ninyi wazazi mna haki ya kusema ndiyo au hapana, na ningekuwa mimi ningesema ndiyo. Mwambie usiku wa kuamkia siku hiyo kwamba atachomwa kidogo kwenye ncha ya kidole, itauma kama mwiba, na itaisha kabla hajamaliza kuhesabu hadi kumi. Usimwambie haitauma. Mwalimu ahakikishe kila mtoto anafunguliwa kitobozi kipya machoni pake, na majibu yake uletewe wewe, si yabandikwe ukutani.